Uzi: Karakana ya Yawata, Japani, iliyojengwa mwaka 1900 kutengeneza mashine na ambayo hadi leo inatengeneza mashine

Mvukuto (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Tukizungumzia viwanda vya kale vya chuma, mara nyingi tunaishia kwenye magofu: tanuru lililopoa, dohani iliyoota nyasi na kibao cha makumbusho getini. Leo naomba tujadili kiwanda cha namna nyingine, nacho ni kiwanda cha chuma cha Yawata, katika mkoa wa Fukuoka kwenye kisiwa cha Kyushu, ambacho serikali ya Japani ya enzi ya mfalme Meiji ilikianzisha mwaka 1897, kikaanza kuyeyusha chuma mwaka 1901, na ambacho baadhi ya majengo yake ya mwanzo kabisa bado yamo kazini. Hoja yangu ni moja: jengo lenye maana kuliko yote pale si tanuru, wala si ofisi kuu yenye kuba ambayo kila mtu huipiga picha, bali ni karakana ya ukarabati, ambayo wageni hawaruhusiwi hata kuisogelea.

Nianze na historia, kwa sababu bila hiyo karakana yenyewe haieleweki.

Mwishoni mwa karne ya 19 Yawata ilikuwa kijiji kando ya ghuba ya Dokai. Nyuma yake kulikuwa na machimbo ya makaa ya mawe ya Chikuho, na mbele yake maji yaliyotulia ambamo meli zingeweza kuletwa hadi karibu na kiwanda. Sehemu ya fedha za kuanzia ilitokana na fidia ambayo China ililazimika kuilipa Japani baada ya vita vya 1894 na 1895, na madini ya chuma nayo yakaja kutoka huko huko China, kwenye machimbo ya Daye, kwa mkataba wa mwaka 1899. Michoro, mashine na wahandisi wa mwanzo walitoka Ujerumani, hasa katika kampuni ya Gutehoffnungshütte ya Oberhausen, ambayo katika uzi huu nitaiita GHH ili tusichoke. Kwa hiyo mkaa ulikuwa wa nyumbani, mawe ya jirani aliyeshindwa vitani, na akili ya kukodi.

Akili ya kukodi haikutosha. Tanuru la kwanza, la Higashida, liliwashwa tarehe 5 Februari 1901. Lilisanifiwa litoe tani 160 za chuma ghafi kwa siku, lakini halikufikia kiwango hicho, na Julai 1902 likazimwa. Ipo picha mashuhuri ya Aprili 1900 inayomwonyesha Ito Hirobumi, aliyekwisha kuwa waziri mkuu mara tatu kufikia hapo, akiwa na kundi la maofisa waliovaa rasmi mbele ya tanuru hilo kabla halijakamilika, na ukiitazama huku ukijua kilichofuata, unawaonea huruma.

Tatizo kubwa lilikuwa koki. Koki ni makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa mpaka gesi na lami vikatoka. Ndani ya tanuru haitakiwi iwake tu. Inatakiwa pia ibebe uzito wa madini yaliyorundikwa juu yake huku ikiacha upenyo wa hewa kupita. Koki ikiwa dhaifu, husagika, tanuru hukabwa koo, na chuma hupoa mahali kisipotakiwa kupoa. Umbo la ndani la tanuru la Wajerumani lilidai koki nzuri, na koki iliyopatikana Yawata wakati ule haikuwa ya kiwango hicho. Aliitwa mtaalamu wa metali, Noro Kageyoshi, aliyebadili umbo la ndani la tanuru na kusisitiza koki bora kutoka kwenye majiko mapya. Jaribio la Aprili 1904 lilidumu siku 17. Lile la Julai mwaka huo huo likafaulu, na tangu hapo kiwanda kikasimama kwa miguu yake.

Sasa majengo. Yapo matatu ndani ya uzio wa kiwanda yanayostahili kutajwa, na la nne liko mbali kidogo, kando ya mto.

Ofisi kuu ya kwanza ilikamilika mwaka 1899, yaani kabla tanuru halijawaka. Ni jengo la ghorofa mbili la matofali mekundu, mbawa zake mbili zinalingana, na katikati ya paa kuna kuba. Humo kulikuwa na chumba cha mkurugenzi mkuu, cha mkuu wa ufundi, na cha wahandisi washauri wa kigeni. Ukisimama mbali unaweza kudhani umeona jengo la manispaa ya Ulaya, lakini ukiinua macho unakuta paa limeezekwa kwa vigae vya Kijapani. Mwaka 1922 ofisi ilihamishiwa kwingine, na jengo likatumika baadaye kwa shughuli za utafiti na uchunguzi.

Karakana ya zamani ya ufuaji ilijengwa mwaka 1900 kwa michoro na feleji (chuma kilichosafishwa na kuimarishwa) ya GHH, ili ifue vipande vilivyohitajika katika kukijenga kiwanda chenyewe. Mwaka 1917 ilifunguliwa na kuhamishiwa mahali pengine, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa jengo la matofali, na siku hizi inahifadhi kumbukumbu za kiwanda.

Ya tatu ni karakana ya ukarabati, nayo ya mwaka 1900, nayo ya michoro na feleji ya GHH, inayotajwa kuwa jengo kongwe zaidi la fremu ya chuma lililosalia Japani. Tafakari fundi anayeingia humo. Pande zote mbili zimesimama nguzo za feleji zilizounganishwa kwa ribiti. Juu ya nguzo hizo kumelazwa reli ambazo winchi ya darini hutembea juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho wa jengo. Na juu zaidi kuna kenchi zinazobeba paa. Ukuta haubebi kitu, kazi yake ni kuzuia mvua na upepo. Nguzo hazikuwekwa ili zipendeze, ziliwekwa zibebe mzigo unaotembea, na umbali kati ya nguzo na nguzo unajirudia kama pigo la ngoma.

Kujirudia huko ndiko kulikoliokoa jengo. Uzalishaji ulipokua, mashine za kukarabati nazo ziliongezeka, na karakana ikarefushwa mara tatu. Jengo la namna hii hurefushwa kwa kuondoa ukuta wa mwisho, kuongeza nguzo nyingine kwa nafasi ile ile, kuunga reli za winchi, kisha kurudisha ukuta mbele zaidi. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize: fremu ya mwanzo ni ya feleji iliyosafirishwa kwa meli kutoka Ujerumani, lakini katika nyongeza imo feleji iliyotoka Yawata kwenyewe. Ukitembea toka upande mmoja hadi mwingine chini ya paa lile lile, unapita kutoka enzi ya kuagiza hadi enzi ya kujitengenezea. Sijui jengo jingine linaloeleza historia ya kiwanda chake kwa uwazi namna hiyo bila kuandikwa neno hata moja ukutani.

Karibuni.

Fundi Mwashi

Ndugu Mvukuto, umeipita ofisi kuu haraka mno, na kwa kuwa mimi ni mtu wa matofali naomba niisemee.

Kuta zake zimejengwa kwa mpangilio wa Kiingereza. Safu moja matofali yamelazwa kwa ubavu, yaani upande mrefu unaonekana nje, na safu inayofuata yamelazwa kwa kichwa, yaani upande mfupi ndio unaoonekana, kisha ubavu, kisha kichwa, hadi juu. Matofali ya kichwa hupenya ndani ya ukuta na kufunga tabaka la nje na la ndani pamoja, ndiyo maana mpangilio huu unasifiwa kwa uimara, ingawa unadai matofali mengi na fundi asiyekosea hesabu kwenye kona. Katika nchi ambayo majengo yake mengi yalikuwa ya mbao, kulijenga jengo hili kijijini kabla ya tanuru kuwaka lilikuwa tangazo: serikali imekuja na haiondoki.

Nakubaliana nawe kuhusu vigae. Wengi huona vigae vya Kijapani juu ya ukuta wa Kiulaya kama mchanganyiko wa kubahatisha. Mimi naona ni akili ya kawaida tu ya mjenzi, kwamba ukuta unaweza kuujenga kwa mtindo wa mgeni, lakini paa unampa fundi anayeijua mvua ya mahali pale.

Koleo

Mada nzuri, ila nina pingamizi, na naomba lisichukuliwe kama ubishi wa bure.

Kiwanda cha chuma ni tanuru. Tanuru la Higashida lilizimwa moja kwa moja mwaka 1972, na leo ni mnara wa kihistoria wenye tarakimu 1901 juu yake. Isitoshe, kinachoonekana pale si tanuru la 1901. Ni la mwaka 1962, likiwa la kumi kujengwa mahali hapo, kwa hiyo hata tarakimu yenyewe inahitaji maelezo. Kama moyo umesimama na umebadilishwa mara tisa kabla ya hapo, kwa haki gani tunasema kiwanda cha zamani bado kinatumika? Tusije tukawa tunaisifu banda la kubadilishia spea kwa sababu tu limebahatika kutobomolewa.

Mvukuto

Ndugu Koleo, umeutaja ukweli ambao ndio msingi wa hoja yangu, kwa hiyo nakushukuru kabla ya kukupinga.

Tanuru halikujengwa lidumu. Ndani yake limetandikwa matofali ya kuhimili moto, nayo huliwa taratibu na joto, na chuma kilichoyeyuka na mavi yake, yaani takataka za madini zinazotengana na chuma. Yakishaliwa, tanuru huzimwa na kutandikwa upya, na wakiwa wameshalizima wenye kiwanda hupata nafasi ya kulipanua au kulijenga upya kabisa kwa maarifa mapya. Kufikia tanuru la kumi katika miaka 61 ni maisha ya kawaida ya tanuru. Ukitaka kilichodumu tangu mwanzo, huwezi kukitafuta kwenye kitu kilichoundwa ili kiliwe. Utakitafuta kwenye kile kinachohudumia: panapotengenezwa mashine, panapotoka maji.

Kuhusu moyo kusimama, uzalishaji haukukoma mwaka 1972. Ulikuwa umehamia upande wa Tobata, kwenye matanuru makubwa zaidi. Kiwanda kilipitia serikali, kikaingizwa mwaka 1934 katika kampuni ya Nippon Steel iliyoundwa kwa kuunganisha viwanda, kikawa Yawata Steel mwaka 1950 baada ya kampuni hiyo kuvunjwa, kikarudi Nippon Steel mwaka 1970, na sasa kimo chini ya kampuni yenye jina hilo hilo. Majina yamebadilika kama nguo, na muda wote huo mashine zimekuwa zikiharibika, na mafundi wa karakana wamekuwa wakizitengeneza.

Halafu tazama eneo lililoachwa. Sehemu ya ardhi ya kiwanda pale Higashida, baada ya kukosa kazi, ilifunguliwa mwaka 1990 kama bustani ya michezo ya kubembea yenye jina la Space World. Bustani hiyo ilifungwa mwisho wa mwaka 2017, na mahali pake pamejengwa maduka. Karakana ya 1900 imeishi kuliko bustani iliyojengwa kuchukua nafasi ya viwanda. Kuhusu neno lako "banda", nitalimeza kwa sababu ya umri wangu.

Kijakazi wa Historia

Naongeza kidogo kuhusu mahali Yawata ilipojifunzia, maana mtu anaweza kudhani Wajapani walianza na Wajerumani.

Tarehe 1 Desemba 1857, huko Ohashi karibu na Kamaishi, kaskazini mashariki mwa nchi, Oshima Takato alifaulu kuyeyusha mawe ya chuma katika tanuru la mtindo wa Kimagharibi alilolijenga akitegemea kitabu cha Ulrich Huguenin kuhusu kiwanda cha mizinga cha Liège, Ubelgiji. Serikali ya Meiji ilipojenga kiwanda kikubwa Kamaishi kwa matanuru ya Kiingereza, kilianza kazi mwaka 1880 na kufungwa ndani ya takriban miaka miwili kwa kukosa nishati ya kutosha. Mfanyabiashara Tanaka Chobei akakichukua, akarudi kwenye matanuru madogo, na mwaka 1886 akafaulu katika jaribio la 49. Noro huyo huyo ndiye aliyesaidia mwaka 1894 kuliwasha tena tanuru la Kiingereza pale Kamaishi kwa koki.

Kwa hiyo Noro alipofika Yawata hakuwa mgeni wa ugonjwa ule. Alikuwa tabibu aliyeuona mara ya pili. Na mkuu wa ufundi wa Yawata katika miaka ya mwanzo alikuwa Oshima Michitaro, mtoto wa Oshima Takato. Baadhi ya mafundi wa tanuru pia waliletwa kutoka Kamaishi. Mimi nasikitika kwamba simulizi nyingi huwataja Wajerumani kwanza na watu wa Kamaishi mwishoni.

Mvukuto

Nimekubali, na ningeweza kuuanza uzi huu Kamaishi. Nilihofia kwamba nikianzia huko sitaifikia karakana.

Msomaji Mtulivu

Ndugu zangu, naomba tusizungumzie nguzo na vigae tu. Mwaka 2015 UNESCO iliyaandikisha majengo haya manne katika orodha ya urithi wa dunia, yakiwa sehemu ya maeneo 23 ya mapinduzi ya viwanda ya enzi ya Meiji. Katika kikao kile kile mjumbe wa Japani alitamka kwamba katika miaka ya 1940 Wakorea wengi na watu wengine waliletwa bila hiari yao na kulazimishwa kufanya kazi katika mazingira magumu kwenye baadhi ya maeneo hayo. Yawata ilitumia nguvu kazi ya namna hiyo, pamoja na wafungwa wa kivita. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Korea Kusini iliiamuru kampuni iliyokirithi kiwanda iwalipe fidia watu waliofanyishwa kazi wakati wa vita, na mwaka 2021 kamati ya urithi wa dunia ilieleza masikitiko makubwa kwamba historia hiyo haikuwa imeelezwa ipasavyo kwa wageni.

Pia kabla ya vita, Februari 1920, maelfu ya wafanyakazi wa Yawata waligoma na matanuru yakazimika. Jengo likisifiwa kwamba limefanya kazi miaka zaidi ya 120, ni vyema tukakumbuka kwamba jengo halishiki nyundo.

Mvukuto

Umesema haki, na sitaweka "lakini" baada yake. Nilipoandika kwamba hakuna neno lililoandikwa ukutani mwa karakana nilikuwa nasifu. Baada ya mchango wako naona sentensi ile ile inaweza kusomwa kama shutuma.

Fundi Mwashi

Umeahidi majengo manne ukatuonyesha matatu. La mto liko wapi?

Mvukuto

Nimekumbushwa vema. Ni kituo cha kusukuma maji cha mto Onga, katika mji wa Nakama, umbali wa kilomita 11 hivi kutoka kiwandani, na kilianza kazi mwaka 1910. Kiwanda cha chuma hunywa maji kuliko watu wanavyodhani: ya kupooza kuta za tanuru, ya kutengeneza mvuke, ya kupooza feleji inapotoka kwenye vinu vya kuisukuma iwe bapa. Upanuzi wa kwanza wa Yawata ulipofanywa, vyanzo vya karibu havikutosha, ikabidi maji yavutwe kutoka Onga. Zamani pampu ziliendeshwa kwa mvuke, na mwaka 1950 zikahamishiwa kwenye umeme. Pampu zimebadilika, kazi haijabadilika. Maji yanakwenda Yawata hadi leo.

Fundi Mwashi, utalipenda hili. Kuta za kituo zina matofali mekundu ya kuchoma pamoja na matofali yaliyotengenezwa kwa mavi ya chuma. Mavi hayo, yakitoka tanuruni yakiwa uji wa moto na kumwagiwa maji ghafla, hugeuka punje kama mchanga. Punje hizo zikichanganywa na chokaa na kushindiliwa, hukauka na kuwa tofali bila kuingia tanuruni tena. Rangi yake ni ya kijivu, kwa hiyo yakiwekwa pamoja na yale mekundu huupa ukuta mapambo bila gharama ya mapambo. Kiwanda kilitoa taka yake, ikawa ukuta wa nyumba inayokiletea maji.

Koleo

Nimelegeza msimamo, ingawa sijaukana. Swali la mwisho: Mei 2025 Nippon Steel ilitangaza uamuzi wa kuweka tanuru kubwa la umeme Yawata, linaloyeyusha vyuma chakavu, ili kupunguza hewa ya ukaa. Koki ikiondoka, karakana ya zama za koki itabaki na kazi gani?

Mvukuto

Tanuru la umeme nalo lina mikono ya chuma inayoinua vijiti vya kaboni, kifuniko kinachozungushwa pembeni, ndoo za kubebea chuma kilichoyeyuka, na winchi za kuzibeba ndoo hizo. Vyote hivyo huchakaa kwa namna ile ile vilivyochakaa vya mwaka 1901: ekseli hulika, meno ya gia huvunjika, beringi husaga. Fundi atapokea kipande, atakipima, atakichonga upya, na winchi ya darini itakirudisha mlangoni.

Kwa wanaotaka kwenda: ofisi kuu inaonekana kwa mbali kutoka jukwaa la kutazamia lililofunguliwa mwaka 2015. Kituo cha Onga unaweza kukiona kutoka nje ya uzio. Karakana ya ukarabati haionyeshwi kwa wageni, kwa kuwa ndani watu wako kazini.